Waridi la Fundi

Ukitaka kumjua Bi Nasiha, usimuulize habari zake, maana atakupa za watu wengine. Atakwambia Mahira wa hina sasa ana wateja hadi Malindi, na kwamba Dishon wa Tudor, aliyekuwa akipiga picha za pasipoti kibandani, siku hizi harusi kubwa kubwa zinamgombania. Atakutolea na barua alizowaandikia, moja moja, na usipoziangalia zote atanuna. Yake mwenyewe huyapati ng'o. Na katika hayo yake limo moja ambalo hata ukae naye mwaka mzima hatakwambia, nalo ndilo hili.

Ofisi yake ni chumba cha chini katika nyumba ya marehemu babake, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Zamani chumba hicho kilikuwa cha magunia ya mchele. Sasa kina meza mbili, mashine ya kuchapisha inayokwama kila siku ya haraka, na benchi la wageni. Nasiha alikaa miaka kumi na minne kwenye mapokezi ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini, hadi hoteli ikafungwa na wafanyakazi wakapewa barua ya shukrani na sabuni zilizobaki stoo. Wenzake walilia, naye akalia, kisha akarudi mjini na jambo moja alilojifunza vyema: mgeni hupenda kitu zaidi akimjua aliyekitengeneza. Akakisafisha chumba, akaanza kuwasaidia mafundi na vijana waliosoma wakakosa pa kushika. Akawa anawaandikia maelezo yao, anapiga picha kazi zao, anawatafutia wanunuzi, na anawafundisha kutaja bei bila kuangalia chini.

Habari ya majina ndiyo iliyomkaa rohoni kuliko zote. Kakake Ishaq alichora vibao vya maduka karibu nusu ya kisiwa, kuanzia Feri hadi Majengo, na hakuna hata kimoja alichotia jina lake. Vibao vikapauka, vikaja vya plastiki, na Ishaq akaenda Doha kuendesha gari la maji. Yuko huko hadi leo. Basi kila aliyeingia chumbani kwa Nasiha aliambiwa kwanza: "Tia jina lako. Usipolitia wewe, hakuna atakayekutilia." Alilisema hilo mara nyingi hata vijana wakawa wanamuiga akigeuka.

Khubaib hakuwa akimuiga. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye kope, na mwaka wa tisa alikuwa mwanagenzi kwa Fundi Gharib, mchonga milango. Fundi Gharib alikuwa rafiki wa babake Nasiha, na Nasiha alimwita Ami tangu utotoni. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba moja ya zamani, mahali penye kivuli na harufu ya mbao za mbambakofi.

Miaka minne iliyopita Nasiha aliandaa maonyesho ya kazi za watu wake katika ukumbi mmoja mkongwe. Jumanne alipita karakanani na kamera. Khubaib alikuwa amechonga mfaa, ule mti unaosimama katikati ya mbao mbili za mlango, na Nasiha alipouona alikaa kitako kwenye gogo. Maua yalishuka kutoka juu hadi chini, yakipishana na minyororo, bila hata jani moja lililokosewa. Chini kabisa, upande wa kushoto, palikuwa na waridi moja lililochorwa kwa penseli tu.

"Hapa mbona hapajakwisha?" akauliza.

"Hapo pa Fundi, Bi Nasiha."

"Fundi yu wapi?"

"Mgongo umemshika. Leo siku ya nne hajaja."

"Basi kata wewe. Alhamisi nautaka mti huu ukumbini, na jina lako chini yake."

Khubaib alilitazama waridi, kisha akamtazama Bi Nasiha. Huyu ni mtu aliyemwandikia barua tatu, mtu aliyewaletea futari Ramadhani nzima babake Khubaib alipokuwa hospitali. Utamkatalia vipi? Akasema, "Haya," na Nasiha akaondoka amefurahi, akidhani amemwokoa mtoto wa watu.

Asilolijua, na alizaliwa mitaa mitatu tu kutoka hapo, ni kwamba katika karakana ile mwanagenzi hamalizi kazi. Huacha waridi moja, la chini kushoto. Fundi huja akaketi, akalikata kwa mkono wake, ndipo kazi ikatoka nje. Fundi Gharib mwenyewe alimwachia fundi wake mawaridi kwa miaka kumi na mmoja. Siku mwanagenzi akikomaa, fundi humwita mbele ya watu, ikasomwa fatiha, ikanywewa kahawa kwa halua, kisha akamwambia, "Kata mwenyewe." Tangu hapo naye ni fundi. Mambo haya hawayaelezi kwa watu wa nje, kwa sababu haikuwapitikia kwamba mtu wa nje angeingia na kutoa amri.

Siku ya maonyesho Fundi Gharib alikuja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akashika fimbo kwa ajili ya mgongo, na watu wakampisha. Alitazama picha za Dishon, akatazama hina ya Mahira iliyochorwa kwenye karatasi, akamwombea dua. Alipofika kwenye mfaa hakusoma kijikaratasi chenye jina. Aliinama kwa taabu, akapitisha kidole gumba juu ya lile waridi la chini, taratibu, ukingo hadi ukingo. Khubaib alikuwa amesimama ukutani, uso umemparama.

"Kazi nzuri, mwanangu," Fundi alimwambia Nasiha. "Mumeharakisha."

Akaaga, akaenda zake. Nasiha alicheka, akadhani anazungumzia maandalizi. Ni Khubaib aliyemweleza jioni ile wakikunja meza, kwa sauti ndogo na bila kumlaumu, na Nasiha alipoelewa alitamani ardhi immeze.

"Mbona hukunambia?"

"Nilikwambia hapo pa Fundi." Kisha, kwa kuwa ni mkweli, akaongeza: "Na mimi pia nilitaka kulikata."

Ungedhani wangekwenda kesho yake asubuhi kuomba radhi. Walikwenda kweli, wakakaribishwa vizuri mno, wakapewa kahawa, na Fundi Gharib akazungumza habari za mbao zinavyoadimika na za jirani anayejenga ghorofa bila kibali. Kila Nasiha alipokaribia kulisema, mzee alimwongezea kahawa. Adabu ya mji huu ni ukuta wa mawe, na mwenyewe akitaka kujificha nyuma yake humtoi. Walirudi mara ya pili, ikawa vile vile. Siku ya kumi na nane baada ya maonyesho moyo wa Fundi Gharib ulisimama akiwa anatia udhu wa alasiri. Khubaib alikuwa miongoni mwa walioteremka kaburini kumpokea.

Kwa ajili ya mfaa ule ule alikuja mwenye nyumba mmoja wa Nyali, akaagiza milango sita. Nasiha ndiye aliyeandika mkataba. Familia ya marehemu ilimwachia Khubaib karakana, na yeye akachonga miezi mitatu mfululizo. Siku Nasiha alipokwenda kukagua aliikuta milango yote sita imeegemezwa ukutani, mizuri ya kutisha, na kila mmoja una waridi la penseli chini kushoto.

"Mkono hauendi," Khubaib alisema. Alikuwa amekonda. "Naishika patasi, nafika pale, vidole vinakufa. Hakuniwachia. Ameondoka hakuniwachia."

"Msimamizi wa Nyali amepiga simu. Anasema mwisho wa mwezi, la sivyo anatafuta mwengine."

"Na atafute. Binamu yangu ana meza ya makava ya simu pale Feri. Amenambia nije."

Nasiha alirudi ofisini akakaa bila kuwasha taa. Kijana mwenye mkono ule akauze makava ya simu, na aliyempeleka huko ni yeye, kwa neno moja, Jumanne moja. Kutoka hapo hakupata raha. Mashine ya kuchapisha ikinyamaza, alisikia "Mumeharakisha," si kwa ukali, kwa sauti ile ile ya upole. Akipita mitaani mchana kweupe macho yake yalishuka yenyewe kwenye pembe ya chini kushoto ya kila mlango wa zamani, kutafuta waridi, na kila waridi alilolikuta aliliona limepitiwa na kidole gumba. Mara mbili alimwona mzee wa kanzu na fimbo mbele yake, akaharakisha kumfikia, akawa mzee mwengine. Ya tatu hakuharakisha. Alisimama katikati ya njia huku mikokoteni inampigia kelele, akaogopa mzee yule asije akageuka.

Wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi alikwenda kwa mjane, Bi Mwanaesha, aliyekuwa bado eda haijamwisha. Alimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri, mwanangu. Karibu, keti."

Nasiha akamwambia yote tangu mwanzo. Bi Mwanaesha alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na mchele. Mwisho Nasiha akauliza kama marehemu alisema neno lolote juu ya Khubaib. Lolote, hata la hasira.

"Siyuwi, mwanangu. Hakunambia kitu. Siku ile alirudi, akavua kanzu, akala, akalala. Nilimuuliza kuna nini, akasema mgongo."

"Basi wewe, mama, huwezi kumpa radhi? Kwa niaba yake?"

Bi Mwanaesha aliweka ungo chini. "La kwangu nimelisamehe, na mtoto yule nampenda. Lakini yambo la kazi si langu. Miaka arubaini na mbili sikuwahi kushika patasi yake. Nitampa vipi kitu nisichokuwa nacho?"

Kutoka kwa Bi Mwanaesha hadi karakanani ni mwendo wa dakika tano. Nasiha alitembea nusu saa. Alizunguka kwa nyuma, akapita sokoni, akasimama mbele ya duka la viungo bila kununua kitu. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu maneno. Mtu anakuja hana la kusema juu ya nafsi yake, naye anampa aya tatu nzuri, na kwa aya zile mtu anasimama. Alikuwa amefanya hivyo kwa mamia. Alipofika mlangoni mwa karakana alikuwa ameshaamua.

"Nimetoka kwa Bi Mwanaesha," alisema.

Khubaib aliinua uso.

"Kumbe Ami alisema kitu. Usiku kabla hajafa. Alisema hivi: Mwambieni Khubaib akate. Niko radhi naye."

"Alisema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo."

"Na mbona Bi Mwanaesha hakunambia, nami kila Ijumaa napita kumjulia hali?"

"Msiba ulimpiga, akasahau. Leo ndiyo amekumbuka. Wala usimwendee ukamuuliza, akitajiwa usiku ule analia."

Uongo wa pili ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza. Khubaib aliweka patasi juu ya meza, akaishika tena.

"Wallahi, Bi Nasiha?"

Hakuwa na shaka naye. Alitaka tu kulisikia kwa uzito wake wote, kama mwenye kiu anavyotaka maji mengine. Nasiha alitazama milango sita.

"Wallahi," akasema.

Khubaib alilia mbele yake bila kuona haya. Kisha akachuchumaa kwenye mlango wa kwanza, akakata. Milango ilifika Nyali siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Baada ya hapo mambo yalimfungukia. Alichonga milango ya nyumba tatu za Mji wa Kale zilizokuwa zikikarabatiwa, akachonga mimbari ya msikiti, akaitwa kufundisha wiki mbili Lamu. Nasiha ndiye aliyeandika barua zote, na wageni walipouliza siri ya kazi ya Khubaib aliwaelekeza kwa wasifu aliouandika yeye mwenyewe. Watu walimsifu: tazama alivyomtoa kijana yule. Kila sifa ilimchoma. Alifunga siku tatu za kafara ya kiapo, na alijua vizuri kwamba kiapo cha uongo wa makusudi si jambo la siku tatu. Shekhe alikuwa mtaa wa pili, angeweza kumuuliza. Hakumuuliza, kwa sababu alilihofu jibu.

Na Fundi Gharib hakumwondokea. Zamani alimsikia akisema neno moja. Sasa alimwona amesimama pembeni mwa mlango wa ofisi, nusu kivulini, hasemi lolote, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa akaja kujua nani amemtaja. Nasiha alihamisha meza yake ili aupe mlango mgongo. Ikawa vibaya zaidi, akairudisha.

Mwaka wa pili Khubaib alimchukua mwanagenzi, naye ni msichana, Sidi, kutoka Majengo, ambaye babake alikuwa seremala wa vitanda kule Kaloleni. Mji ulisema uliyosema. Msichana? Karakanani? Khubaib hakujibu mtu. Sidi alikuwa na mkono mwepesi na kiburi kidogo, na aliacha waridi lake kila kazi bila kuulizwa. Katika mwaka wa tatu mwalimu wake akaona hana la kumfundisha tena. Miaka tisa ya kwake mwenyewe ilikuwa mingi mno, alisema, na yeye anajua ubaya wa kuchelewa.

Akaalika watu Jumamosi baada ya alasiri. Walikuja mafundi wanane, babake Sidi katika shati jipya, Bi Mwanaesha akiwa na shela lake, na Nasiha. Fatiha ikasomwa. Kahawa ikapita, na sahani ya halua. Mlango uliwekwa katikati ya ua, na waridi lake la penseli. Khubaib alisimama, na badala ya kumwambia Sidi akate, akamgeukia Nasiha.

"Kabla sijasema langu," alisema, "nataka Sidi asikie mimi niliachiwa vipi. Fundi wangu hakuwahi kunambia kwa mdomo wake. Alimwambia Bi Mwanaesha, na Bi Mwanaesha akamwambia Bi Nasiha. Maneno hayo ndiyo ninayoanzia nayo kazi kila siku, kabla sijashika kitu. Bi Nasiha, tusomee."

Nasiha hakuthubutu kutazama alipokaa Bi Mwanaesha, lakini aliona, kwa pembe ya jicho, kikombe cha kahawa kikisimama hewani. Hapo angeweza kusema kweli. Alifikiria kuisema. Akamwona Sidi amefumbata mikono mbele, na babake Sidi ameinamisha kichwa, mtu wa mbali aliyekuja kuona kama bintiye atakubalika na mji huu. Huruma ikampata, na ile tabia yake ya kumwongezea kila mtu kidogo ikamshinda.

"Alisema: Mwambieni Khubaib akate," Nasiha alianza. "Niko radhi naye. Na wote watakaojifunza mkononi mwake."

Mafundi wakaitikia amin. Babake Sidi alijifuta macho. Bi Mwanaesha akanywa kahawa yake. Khubaib alimtazama Nasiha, midomo yake ikiyarudia maneno yale polepole. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake.

"Kata mwenyewe," akasema.

Watu walipokuwa wakimpongeza Sidi, Khubaib alimfuata Nasiha ukumbini mwa nyumba ile, mahali penye viatu vya wageni. Alisimama karibu, mikono nyuma.

"Lile la mwisho hukuwahi kunambia," alisema. "La watakaojifunza kwangu."

"Nilisahau."

"Maneno yale nayasema kila siku, Bi Nasiha. Miaka mitatu na miezi saba. Nayajua herufi zake. Na Fundi hakuwahi kuniona mimi nikifundisha mtu. Hilo umeliongeza?"

"Ndiyo."

"Na yale ya kwanza?"

Kutoka uani kilisikika kicheko cha Sidi, na mtu akiomba kahawa nyingine. Nasiha aliinama kutafuta viatu vyake.

"Yote?" Khubaib aliuliza.

"Yote, mwanangu."

Alidhani atapaza sauti. Alidhani ataichukua patasi akaitupa baharini, na angekuwa na haki. Khubaib aliigeuza mikono yake akaitazama, viganja kwanza, kisha migongo, akaitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa amezeeka.

"Basi Sidi asijue," alisema. "Tusimwambie kabisa. Sikia, asijue."

Akainama, akavipanga viatu vya wageni viwili viwili kwa ajili ya kutoka, kisha akarudi uani kuwakaribisha watu halua.